Wanaosema "Mungu ameniambia", huwa mnasikiaje hasa?

#1 Mwalimu wa Zamu
Wakuu, habari zenu. Niende moja kwa moja.

Nafundisha darasa la waumini wapya kanisani. Jumapili iliyopita somo lilikuwa uanafunzi, kwamba kumfuata Yesu ni kuisikia sauti yake na kuitii. Nikasoma Yohana 10:27, "Kondoo wangu waisikia sauti yangu, nami nawajua, nao wanifuata." Nikaeleza vizuri tu, watu wakaandika. Mwishoni kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, wewe mwenyewe unaisikiaje? Kwa sikio, kwa moyo, kwa ndoto, au vipi?"

Nikabaki nimeshika chaki. Nina miaka 19 ndani ya wokovu na sina kitu nilichowahi kusikia ambacho naweza kukiapia. Nikamwambia tutaendelea wiki ijayo. Wiki ijayo ndiyo hii.

Basi kila anayesema "Mungu ameniambia" anisaidie: ulisikia nini, ulijuaje si mawazo yako, na ulipotii kilitokea nini? Mahubiri msinipe, ninayo daftari zima.

#2 KondooMkaidi
Nimekaa siti ya mbele. Wajuzi waje.

#3 Binti Sayuni
Mwalimu, mbona jambo jepesi. Ni amani. Ukiwa kwenye mapenzi yake moyo unatulia, ukitoka unakuwa mzito. Nilipata kazi mpya, mshahara mzuri, mkataba uko mezani nimebakiza kusaini. Usiku ule sikulala. Hakuna sauti, hakuna ndoto, ni uzito tu kifuani kama mtu kanikalia. Asubuhi nikawaambia siji. Miezi minne baadaye ofisi ile ikafungwa na watu hawakulipwa. Sasa niambieni ile ilikuwa nini?

#4 Thomaso wa Pili
Binti Sayuni, pole na hongera. Ila nauliza kwa nia njema: mara ngapi umepata uzito kifuani na hakuna ofisi iliyofungwa? Hizo hatuzihesabu. Mtu akiota mvua ikanyesha, anasimulia mwaka mzima. Akiota mvua jua likawaka, anaenda zake kazini. Mimi ni muumini, msinipige mawe, lakini nusu ya ninayosikia moyoni ni uchovu na nusu ni woga.

#5 Kalamu Nyekundu
Tatizo liko kwenye swali lenyewe. Mungu ameshasema. Someni Waebrania 1:1-2, zamani alisema kwa njia nyingi, mwisho wa siku hizi amesema katika Mwana. Tunataka sauti ya pembeni wakati ya wazi hatujaimaliza. 1 Wathesalonike 4:3 imeandikwa kabisa "haya ndiyo mapenzi ya Mungu", halafu ikaendelea: "kutakaswa kwenu, mwepukane na uasherati". Mtu anafunga siku tatu aonyeshwe jina la mchumba, na hilo la uasherati lililotajwa waziwazi bado analifanyia majadiliano.

#6 KondooMkaidi
Hahaha, Kalamu Nyekundu umepita na mtu hapo. Sitaji jina, ni mimi.

#7 Mzee wa Kiti cha Nyuma
Wanangu, mnahangaika na sauti, ila lugha yetu imeshamaliza nusu ya kazi. Mama akisema "huyu mtoto hasikii", hampeleki kwa daktari wa masikio. Maana yake mtoto ameambiwa na hafanyi. Na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", je, aliyevunjika guu alikuwa kiziwi? Alisikia vizuri sana.

Kwa hiyo Mwalimu, kijana wako ameuliza "unasikiaje" akimaanisha sauti inaingiaje. Kwa Kiswahili swali hilo lina pande mbili, na upande wa pili ni: unafanyaje ukishaambiwa.

#8 Msaka Maneno
Shikamoo Mzee. Nakuongezea. Kiebrania nacho kiko hivyo hivyo. Kitenzi *shama* ni kusikia, na ndicho kinachotumika kwa kutii. Lile tamko la Kumbukumbu 6:4 linaloanza kwa kuwaita Israeli wasikie linaitwa Shema kwa sababu hiyo. Kiyunani, kusikia ni *akouo*, kutii ni *hupakouo*, kama vile kusikia ukiwa chini ya anayesema. Hata Kilatini neno la kutii limezaliwa na neno la kusikia. Sisi "kutii" tumelichukua kwa Waarabu, lakini "sikia" ya kwetu ilikuwa imeshabeba yote mawili.

Tahadhari tu: asili ya neno haithibitishi imani. Ni ushahidi wa watu walivyofikiri, basi.

#9 Dada Asiyeonyeshwa
Naomba nitoke kidogo nje ya mada, ila si sana. Mwaka mmoja, katika kikundi kimoja cha maombi, ndugu watatu waliniambia kwa nyakati tofauti kwamba Mungu amewaonyesha kuwa mimi ni mke wao. Watatu! Kila mmoja na ndoto yake na mstari wake. Wa pili alikuwa na mistari miwili. Ama sheria ya ndoa imebadilika mbinguni, ama wawili hawakusikia vizuri.

#10 KondooMkaidi
Kwa nini wawili tu? Wanaweza kuwa wote watatu.

#11 Dada Asiyeonyeshwa
Asante Kondoo, hapo ndipo nilipofika. Niliwajibu wote jibu moja: "Bwana akinionyesha na mimi, nitakupigia." Sijapiga hadi leo. Na nimesoma 1 Wakorintho 7:39, mjane yuko huru kuolewa na amtakaye, "katika Bwana tu". Amtakaye! Yaani yapo mambo Mungu kakuachia uchague, na ukichagua ndani ya uzio hujaasi.

#12 Mfukua Kumbukumbu
Dada, hukuwa wa kwanza. John Wesley, huyu wa Wamethodisti, akiwa mmisionari kijana huko Georgia, Marekani, alimpenda binti mmoja na hakujua amwoe au amwache. Mwaka 1737 wakapiga kura na rafiki yake. Vikaratasi vitatu: oa; usifikirie mwaka huu; usifikirie tena. Kikatoka cha tatu. Akakubali kwamba ndiyo sauti ya Mungu, na siku chache tu baadaye binti akaolewa na mwingine. Ingeishia hapo ingekuwa ushuhuda mzuri wa utii. Miezi michache mbele Wesley akamnyima yule dada Meza ya Bwana, akashtakiwa mahakamani, na kabla mwaka haujaisha akaondoka Georgia.

Mimi husoma kisa hicho najiuliza: mkono ulitii kikaratasi, moyo ulitii?

Kura hizo zilikuwa kawaida kwa Wamoraviani wa karne ya 18, ambao Wesley alijifunza mengi kwao. Walipiga kura kwa mambo makubwa, ndoa ikiwemo.

#13 Kalamu Nyekundu
Na hata Matendo 1:26 walipiga kura ikamwangukia Mathiya. Lakini angalieni ilikuwa kabla ya Pentekoste. Roho aliposhuka, kitabu kizima cha Matendo hakina kura nyingine.

#14 Binti Sayuni
Afadhali umelisema wewe mwenyewe! Roho aliposhuka alifanya nini? Alisema! Matendo 16, Paulo anakatazwa na Roho asihubiri Asia, anajaribu Bithinia anazuiwa, usiku anaona mtu wa Makedonia anamwita. Filipo anaambiwa aende njia ya jangwani. Anania anatajiwa hadi jina la mtaa, Nyofu, na nyumba ya nani. Wewe unataka Roho Mtakatifu astaafu abakie Biblia kabatini.

#15 Kalamu Nyekundu
Dada yangu, sijamstaafisha mtu. Ninachosema, hao walikuwa watu wa wakati wa mitume, na hata mitume wenyewe mara nyingi waliamua kwa akili tu. Barua zimejaa "niliona ni vema". Na Anania uliyemtaja alibisha kwanza, hakukurupuka.

#16 Thomaso wa Pili
Petro naye, sauti inamwambia chinja ule, anajibu "Hasha, Bwana". Mara tatu. Hasha na Bwana katika sentensi moja! Huyo ndiye mtume wangu.

#17 Mkatoliki wa Alfajiri
Amani kwenu. Naona tumegawanyika kati ya "amani moyoni" na "Biblia tu". Kwetu kuna mapokeo ya kupambanua roho, na mengi yanatoka kwa Ignasi wa Loyola. Alikuwa askari, akavunjwa mguu na kombora la mzinga mjini Pamplona, Hispania, mwaka 1521. Akiwa kitandani alikuwa na ndoto za mchana za aina mbili. Alipowaza vita, heshima na mwanamke fulani wa daraja la juu, alifurahi sana akiwa anawaza, lakini baadaye alibaki mkavu. Alipowaza kuishi kama watakatifu, alifurahi na furaha ikabaki hata wazo lilipopita.

Tazameni hapo: mawazo yote mawili yalimfurahisha mwanzoni. Kwa hiyo Binti Sayuni, amani ya usiku mmoja haitoshi, na uzito wa usiku mmoja hautoshi. Unaangalia mabaki. Wazo limeacha nini baada ya siku, baada ya wiki? Na alionya kwamba unapokuwa na ukavu wa roho usibadilishe uamuzi uliofanya ulipokuwa na utulivu.

#18 Binti Sayuni
Hiyo ya mwisho imenigusa, sikatai. Ila mkataba haukunipa wiki.

#19 Nesi wa Usiku
Naingia na jambo moja kisha natoka. Nafanya kazi na wagonjwa wa akili. Tafadhali, kwenye somo hilo Mwalimu usisahau kusema hili: mtu akisikia sauti halisi masikioni inayomwamuru ajiumize, aumize mwingine, aache kula au aache dawa, hiyo si ya kupimwa kwa maombi peke yake. Aombewe NA apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Nimepokea watu waliochelewa kwa sababu ndugu walikuwa bado wanajadiliana kama ni Mungu au shetani. Kusikia sauti ni dalili inayotibika, wala si ushahidi wa imani haba.

#20 Mwalimu wa Zamu
Asante sana Nesi, hilo nitaliweka mwanzo kabisa wa kipindi. Endeleeni, nasoma kila bandiko.

#21 Niliyetii Vibaya
Nimekuwa msomaji tu humu muda mrefu. Leo naandika.

Miaka kadhaa nyuma kiongozi mmoja wa kiroho (sitamtaja wala kanisa) aliniwekea mkono akasema: Bwana anasema acha kazi, ingia kwenye huduma, atakutunza. Nilikuwa mhasibu, mke mjamzito. Mke akasema mimi sijasikia hivyo. Nikamwambia imani yako ndogo. Nikaacha kazi.

Sitasimulia yote. Tulihama nyumba mara mbili. Yule kiongozi nilipomrudia akasema huenda nilichelewa kutii. Nimetafuta kosa langu usiku na mchana: nilisikia vibaya, au nilitii vibaya, au Mungu alisema kweli na njia ndiyo hii? Nimerudi kwenye uhasibu. Bado naomba. Lakini mtu akianza na "Bwana anasema" mwili unaniuma.

#22 Mzee wa Kiti cha Nyuma
Mwanangu #21, pole. Soma 1 Wafalme 13 taratibu. Mtu wa Mungu kutoka Yuda aliambiwa na Bwana asile, asinywe, asirudi kwa njia aliyoijia. Nabii mzee wa Betheli akamfuata akamwambia malaika amenena nami, rudi ule. Akamdanganya. Kijana akarudi, akala, na simba akamuua njiani.

Nimeisoma miaka mingi na bado inanikera. Aliyedanganya kabaki hai, aliyedanganywa kafa. Ila naona jambo moja: yule kijana alikuwa na neno lake alilopewa mwenyewe, akaliacha kwa neno la mtu mwenye mvi na cheo. Kwako neno la kwanza lilikuwa mke mjamzito aliyesema "sijasikia hivyo".

#23 Niliyetii Vibaya
Mzee, nimesoma hilo la mwisho mara tatu. Ngoja nikae nalo.

#24 Dada Asiyeonyeshwa
Ndiyo maana Matendo 15:28 inasema "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi". NA SISI. Walikaa kikao, wakabishana, Petro akasema, Yakobo akasema, ndipo barua ikaandikwa. Anayesikia peke yake na hataki kuulizwa, mimi nafunga mlango.

#25 Thomaso wa Pili
Dada nakubali, lakini kundi nalo linakosea. Matendo 21:4, wanafunzi wa Tiro wanamwambia Paulo *kwa Roho* asipande Yerusalemu. Sura ya nyuma, 20:22, Paulo anasema anakwenda Yerusalemu akiwa amefungwa rohoni. Roho mmoja, maelekezo mawili! Nani hakusikia?

#26 Msaka Maneno
Wengi huelezea hivi: Roho aliwaonyesha watu wa Tiro mateso yanayomngoja, na upendo wao ukaongeza "usiende". Yaani habari ilikuwa ya Mungu, ushauri ulikuwa wao. Nabii Agabo baadaye anatoa habari ileile, kwamba utafungwa, bila kusema usiende. Waliomsihi asiende ni wale waliokuwa pale. Ni maelezo mazuri, ila tukiri kwamba aya ya 4 yenyewe haisemi hivyo.

#27 Mfukua Kumbukumbu
Kwenda palipo na hatari: mchungaji Mjerumani Dietrich Bonhoeffer. Juni 1939 marafiki walimpeleka New York awe salama dhidi ya Hitler. Hakutulia. Akasoma katika usomaji wake wa kila siku 2 Timotheo 4:21, Paulo akimsihi Timotheo ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi, na akaona ni yeye anaambiwa. Akarudi Ujerumani Julai. Aliuawa katika kambi ya Wanazi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Paulo alikuwa anamwambia Timotheo habari za msimu tu, na bado mstari huo ulimkamata mtu miaka karibu elfu mbili baadaye.

#28 Kalamu Nyekundu
Rekebisho dogo, Mfukua. Mstari huo aliusoma tarehe 26 Juni. Kukataa nafasi aliyopewa kule alishakataa tarehe 20. Kwa hiyo mstari haukumwamulia, ulimkuta ameshaamua. Na hilo linaniunga mkono mimi: alijua wajibu wake kwa watu wake, hakuhitaji ishara.

#29 Binti Sayuni
Au linaniunga mkono mimi: hakuwa na amani tangu ashuke melini!

#30 Mfukua Kumbukumbu
Tarehe umenisahihisha vizuri, asante. Ila Kalamu, nawe usijione uko salama na "Biblia tu". Wafuasi wa William Miller kule Marekani hawakusikia sauti wala kuota. Walikaa na Danieli 8:14, zile siku 2,300, wakapiga hesabu Yesu anarudi 22 Oktoba 1844. Wengine hawakuvuna mashamba. Miller mwenyewe tarehe hiyo hakuianzisha, ilitoka kwa mwenzake Samuel Snow, na yeye aliikubali wiki chache tu kabla. Kwa hiyo kusikia vibaya kunawezekana hata kidole kikiwa juu ya mstari.

#31 Kalamu Nyekundu
Hiyo napokea. Nitasema tu kwamba Biblia hiyohiyo ilikuwa imesema siku wala saa hakuna aijuaye.

#32 Mama wa Mapacha
Jamani nimesoma yote nikiwa nanyonyesha, mkono mmoja. Ninyi wote mnaanza na kusikia, halafu kutii. Mimi kwangu ilikuwa kinyume. Yohana 7:17, Yesu anasema atakaye kuyatenda mapenzi yake ndiye atakayejua. Kutenda kwanza.

Nilikuwa sisemi na dada yangu miaka sita. Habari ya urithi, tuiache. Nilikuwa naomba Mungu anionyeshe kusudi la maisha yangu, nafunga, kimya. Siku moja nikajiambia: ninalijua jambo moja aliloliamuru bila shaka yoyote, kupatana na ndugu yako kabla ya kuleta sadaka. Nikampigia. Akakata. Nikampigia tena kesho yake. Sisemi mbingu zilifunguka. Ila tangu hapo vitu vidogo naviona: mtu wa kutembelea, neno la kutosema. Zaburi 119:105 inasema "taa ya miguu yangu". Taa ya wakati ule ilikuwa kijungu cha udongo na utambi, inaangaza hatua moja. Usiponyanyua mguu utaendelea kuona palepale.

#33 Thomaso wa Pili
Mama wa Mapacha, nimekosa la kubisha na hali hii siipendi. Dada alipokea?

#34 Mama wa Mapacha
Mara ya tano. Akaniuliza nani kafa.

#35 KondooMkaidi
"Nani kafa" 😂😂

#36 Mkatoliki wa Alfajiri
Nina shaka moja na #32, pamoja na uzuri wake. Mfalme Sauli alikuwa mtendaji sana. Alitenda haraka kuliko alivyoambiwa, akaacha kondoo wazuri wa Waamaleki kwa ajili ya sadaka, na Samweli akamwambia "kutii ni bora kuliko dhabihu". Kutenda kwanza kunaweza pia kuwa njia ya kutosikia.

#37 Mama wa Mapacha
Sauli aliambiwa wazi akapunguza. Mimi nimesema tenda ulichoambiwa wazi. Hatupingani. Mtoto analia, ngoja.

#38 Mwalimu wa Zamu
Wakuu, kipindi ni kesho. Sijapata jibu moja, nimepata kama saba, na mawili yanagombana. Nimeamua kumwambia yule kijana ukweli: kwa sikio sijawahi. Kisha nitawasomea 1 Samweli 3, na nitawaonyesha kitu nilichokuwa nakiruka. Samweli aliisikia sauti waziwazi mara tatu na mara zote tatu alikimbilia kwa mtu asiye mwenyewe. Sauti ilikuwepo, utii ulikuwepo, mbio zilikuwepo. Hakumjua tu anayeita. Na aliyemwelekeza ni Eli, kuhani mzee aliyefifia macho, ambaye wanawe mwenyewe walikuwa hawamsikii.

Niliyetii Vibaya, kama hutajali, naomba kutumia kisa chako bila chochote cha kukutambulisha.

#39 Niliyetii Vibaya
Tumia. Na yale maneno ya mke wangu yaweke kama yalivyo. Nimemsomea bandiko la Mzee jana usiku. Hakusema kitu, aliinuka akaenda kufunga madirisha. Baadaye akarudi akakaa karibu.

#40 Thomaso wa Pili
Mzee wa Kiti cha Nyuma, nimerudi 1 Wafalme 13 kwa ajili yako. Umeona aya ya 28? Simba kasimama kando ya maiti na punda, hakuila maiti wala hakumrarua punda. Nabii wa kwanza kaasi, nabii wa pili kadanganya. Katika sura nzima aliyefanya alichotumwa bila kuzidisha ni simba.

#41 Mzee wa Kiti cha Nyuma
Na punda. Hakukimbia.

#42 KondooMkaidi
Dada Asiyeonyeshwa, nina swali la pembeni, si lazima ujibu hadharani...

#43 Dada Asiyeonyeshwa
Kondoo, kama ni ndoto, utakuwa wa nne.